Upande wa Nje wa Kijito

Niliisikia kabla sijaona hema hata moja. Kao-kao-kao-kao: sauti nene yenye mikwaruzo, kama ya mtu anayekohoa ndani ya pipa tupu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeshuka kwenye basi, nikipita nyuma ya nyumba za reli na kilo tano za sukari ya msiba mkononi. Shorobo hashuki Same. Ni ndege wa ukungu, wa misitu ya juu, kijani na zambarau, na mabawa yake mekundu huyaoni mpaka aruke. Huku chini kwenye miiba na vumbi hana tunda wala kivuli. Nikasimama nikimtafuta juu ya mapaa, juu ya mwarobaini, juu ya nguzo ya umeme. Kisha nikakata kona nikaona maturubai, viti vya plastiki vimejaa watu, na kijana mmoja amesogeza simu yake kwenye kipaza sauti. Sauti ilitoka mle ndani ya simu. “Hiyo, wapendwa,” akasema mwongozaji wa ratiba, “ndiyo sauti aliyoipenda Mwalimu wetu kuliko zote.” Watu wakaguna kwa huruma. Mmoja akapiga makofi, wengine wakamfuata.

Mwalimu Elisante alikuwa amefariki akiwa na miaka themanini na kitu, kitandani kwake, bila maumivu makubwa. Walimsifu saa nzima. Wakasema alikuwa mlezi wa ndege wa Upare, na kwamba hakuwahi kuua hata inzi. Mama aliyekaa pembeni yangu akaniinamia: “Dada, mbona umefumba macho hivyo?” Nikamwambia ni jua. Wakaniita mbele, mimi mwanafunzi wake wa kwanza wa ndege, mwanamke wa Kipare mwenye mvi aliyefanya kazi porini maisha yake yote na sasa anaandika vitabu, niseme neno. Nilisema, “Mwalimu alinifundisha kusikia,” nikarudi kukaa. Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli ndiyo maana ulimi wangu ukawa na ladha ya mafuta ya taa. Pilau lilipokuja nikalisogeza kando. Haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kuyasema pale mbele, kipaza sauti kikiwa wazi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani: nafasi katika chuo cha wanyamapori. Alama zangu zilikuwa za kubahatisha, na nikaambiwa kwamba mtu wa alama kama zangu, tena msichana, huingia tu akiwa na barua ya mtu anayejulikana. Katika wilaya nzima aliyejulikana kwa habari za ndege alikuwa Mwalimu Elisante, mstaafu wa baiolojia. Basi nikahamia kwake Same. Nikafagia, nikachota maji, nikapika, na yeye akanifundisha. Barua ingeandikwa mwisho wa mwaka, “ukishaiva,” alivyosema. Nimekula ugali wa barua ile tangu wakati huo. Hilo naliweka wazi mapema ili msomaji asinionee huruma pasipo haki.

Ulikuwa mwaka sabuni iliporudi. Asiyekuwepo hawezi kujua maana yake. Kwa miaka tulikuwa tumefua kwa majani ya mpapai, tumekunywa uji usio na sukari, tumepanga foleni tukashika mawe mahali petu ili tukapumzike kivulini. Halafu, kama mtu aliyefungua bomba, maduka ya Same yakaanza kujaa. Miche ya sabuni ya bluu ikapangwa dirishani kama vitabu. Kila mtu akawa na biashara au rafiki mwenye biashara, na neno lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa leseni. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa bado ya zama za nyuma: vyumba vinne, sebule yenye makochi ya mninga yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, redio chini ya kitambaa chake, na darubini imetundikwa kwenye msumari juu ya picha ya harusi. Uani kulikuwa na chumba cha tano, ghala la mahindi, ambalo mwanzoni halikuwa na kitu isipokuwa panya. Tulikula makande jioni, na asubuhi viporo vya makande. Mke wake, Mama Upendo, alikuwa mwanamke mpana, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kununa, na chumvi aliificha chini ya mto wake kwa mazoea ya miaka ya shida.

Kila Jumamosi alfajiri tulishuka, Mwalimu na mimi na wanafunzi watatu wanne, kwenye njia inayokwenda porini, kule milima inapoishia na tambarare inapoanza. Sijapata mwalimu mwingine kama yule, na kuandika hivyo kunaniuma. “Fumba macho,” alikuwa akisema. “Macho yanadanganya, yanakimbilia kinachong'aa. Nani huyo?” Tukijibu ninga, anatikisa kichwa. “Ninga hana haraka hivyo. Sikia tena.” Kidogo kidogo pori likajigawa masikioni mwangu. Nikamjua chozi kwa kimlio chake kama cha sindano, nikamjua kwezi kwa ugomvi wake, nikamjua kurumbiza kabla hajamaliza neno lake la kwanza. Twiga walitutazama juu ya migunga, swala wadogo wakavuka njia, na Mwalimu hakugeuka. Hao, alisema, ni wa watu wavivu. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu kurumbiza alipoimba nikamjibu, bila kufikiri, kwa mluzi. Akanyamaza. Kisha akaja, tawi kwa tawi, mpaka akatua mbele yangu umbali wa mkono, ananitazama kwa jicho moja. Mwalimu alinishika bega, hakuliachia upesi. Nilidhani ni furaha tupu.

Nyumbani Mama Upendo alisikia habari akapiga goti lake kwa kicheko. “Mwanamke anapiga mluzi! Haya, dunia imekwisha. Nani atakuoa wewe, mwanangu? Utamwita mume kwa mluzi naye atakuja na mkia?” Mwalimu akamwambia aache mzaha, hiki ni kipaji. Tangu siku hiyo masomo yangu yakabadilika. Wale wanafunzi wengine hawakuja tena. Aliwaambia wana kelele. Tukawa tunakwenda wawili. Aliniwekea sauti moja baada ya nyingine, kama fundi anayempa mwanagenzi vyuma, na mimi nikazifanya kwa midomo, kwa ulimi, kwa koo. Mwezi wa tano niliweza kuita ndege kumi na wanane. Nilitembea mjini nimejaa kiburi, maana kila tawi nililopita chini yake lilikuwa na mtu anayenijua.

Ndipo akaja mnunuzi. Jina lake alilitaja mara moja tu, na Mama Upendo akalitupa mbali akamwita Bwana Leseni, kwa kuwa hakuwahi kukaa dakika tano bila kulitaja neno hilo. Alikuja na pikapu nyeupe, miwani ya jua, na mkebe wa biskuti ambao ulitufumba midomo sote. Jiko liligusana na sebule. Ukuta haukufika juu, na kila kilichosemwa kwenye makochi kilidondokea kwenye sufuria zangu. “Mwalimu, leseni ninayo,” nikamsikia. “Kila kitu halali, wazi, kimepigwa mhuri. Huko wanakokwenda wanawekwa kwenye vizimba vikubwa kuliko sebule hii. Wanakula zabibu! Wewe umewahi kula zabibu?” Mwalimu akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mahali pa kuweka aibu yake. “Na wanaokufa njiani?” akauliza. “Watu nao hufa njiani,” akajibu Bwana Leseni. “Mbona hatujafuta mabasi?” Nikasikia biskuti ikivunjwa. Kisha Mwalimu akasema, kwa sauti ile ile ya darasani, “Ninaye msichana ambaye hahitaji chambo.”

Watu huniuliza, wachache ninaowaeleza, nilijua lini. Wanataka niwaambie nilidanganywa. Mwalimu aliniambia ni utafiti, kwamba ndege wakipimwa na kufungwa vikuku vya miguuni watafundisha wataalamu. Niliitikia. Lakini nilisikia kila neno juu ya ule ukuta, na sikio langu, tayari mnajua, lilikuwa limefundishwa vizuri. Nilijua siku ile ile. Nilijua huku nikitia chumvi kwenye maharage. Nikachagua kuamini utafiti, kwa sababu ndani ya utafiti kulikuwa na barua yangu, na nje yake kulikuwa na mimi nikirudi mlimani kulima maharage.

Tulitengeneza ulimbo jikoni kwa Mama Upendo, kwenye sufuria ya uji. Unachanja mkuyu, unakusanya utomvu mweupe, unaupika na mafuta ya nyonyo, unaukanda kwa vidole vilivyoloweshwa mpaka uvutike kama kamasi. Unapakwa kwenye vijiti, vijiti vinafungwa juu ya matawi, na mimi nasimama chini na kuita. Walikuja. Hilo ndilo jambo ambalo sijaweza kulizoea katika kumbukumbu hii: walikuja kwa hiari, wakiwa na hamu, wakidhani wanaitwa na mwenzao. Akishatua, mguu unanasa. Akipiga bawa ajinasue, bawa linanasa. Akigeuza shingo kudonoa, mdomo unanasa. Ndani ya dakika moja ndege ambaye alikuwa wimbo anakuwa furushi dogo linalodunda kwa mapigo ya moyo. Tulimbandua. Tulimweka kwenye kreti la mbao lenye wavu. Ghala la mahindi likajaa makreti kuanzia chini hadi darini, na makreti yakajaa manyoya, maji machafu, mapapai yaliyooza, na macho. Harufu ikavuka ua, ikaingia sebuleni, ikakaa kwenye vitambaa vya kufuma. Ikaingia kwenye uji. Asubuhi nilikuwa naingia mle na ndoo kuwatoa waliokufa. Walikuwa wepesi kiasi cha kutisha, kama soksi. Niliwafukia nyuma ya choo, na baadaye nikaacha kufukia.

“Baba Upendo,” nikamsikia Mama Upendo siku moja mezani, “mimi niliolewa na mwalimu. Sasa nalala na banda la kuku.” Mwalimu akaendelea kutafuna. “Sukari unakunywa,” akasema. “Nakunywa,” akajibu mama. “Na kila nikinywa naona manyoya yanaelea.” Akanigeukia mimi. “Na wewe mpiga mluzi, usinitazame kwa jicho la huruma. Mimi nanuka kwa sababu ya ndoa yangu. Wewe unanuka kwa sababu gani?” Nilimchukia kwa wiki nzima.

Mwezi wa kumi Bwana Leseni akataka shorobo. Sio mmoja wala wawili. Kuna mtu alikuwa ameagiza, na walikuwa hawapatikani katika misitu ya karibu. Mwalimu akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. “Kwa bibi yako bado wapo?” akaniuliza. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe, ile miezi ya mwanzo ya kiburi. Kwa bibi yangu mzaa mama, nusu siku juu ya Same, kuna mpungi, yaani msitu mdogo wa ukoo ambao haukatwi. Mlinzi wake alikuwa babu. Alipofariki wajomba walikuwa mijini na mashambani mwa mkonge, na kazi ikabaki kwa bibi, kinyume cha desturi. Wazee walinung'unika sana, lakini hakuna aliyekuwa tayari kupanda mlima ule kila mwezi mwenyewe. Bibi aliusafisha mpaka wake kwa jembe, akauzunguka akivuta ugoro na kuwatukana ngedere. Sheria za ndani zilikuwa chache. Hukati. Huokoti hata kuni iliyoanguka. Hupandishi sauti, huiti jina la mtu wala sauti ya mnyama, maana kinachoitwa mle, tulifundishwa, huja. Na mle ndani waliishi shorobo saba.

“Mwalimu, kule siwezi kuita,” nikamwambia. Sijui kwa nini nilitarajia angekasirika. Akatabasamu, akatoa kalamu mfukoni, akachora duara kwenye vumbi la sakafu ya jiko langu. “Mpaka wa mpungi unaishia wapi?” “Kwenye kijito.” Akachora kijito. “Na huku, ng'ambo, kuna nini?” “Shamba la watu. Na mkuyu.” “Mkuyu una matunda sasa hivi?” Una. “Mkuyu ni wa mpungi?” Sio wa mpungi. Akaniangalia kama alivyoniangalia siku nilipomtambua kurumbiza kwa noti ya kwanza. “Basi mwiko uko ndani ya duara,” akasema, “na sisi tutakuwa nje. Hatukati kitu chako. Hatukanyagi. Ndege akivuka maji kwa mabawa yake, amekuja mwenyewe.” Nilitazama ule mchoro. Nilitafuta kosa ndani yake kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu, na sikuliona, na nikafurahi kwamba sikuliona. Mtu asiyekulia na mpungi angesema tu ni wizi. Mimi niliyekulia nao nilijua mpaka wake kwa unyayo, na kwa sababu hiyo nikaweza kudanganyika kwa usahihi kabisa. “Na barua,” akasema akisimama, “nimeshaanza kuiandika.”

Pikapu ilitupeleka mpaka barabara ilipoishia, tukamalizia kwa miguu. Kulikuwa na ukungu. Migomba ilidondosha maji. Nilifunga sketi kiunoni nikapanda mkuyu mwenyewe na vijiti vya ulimbo, kwa kuwa nilikuwa mwepesi. Kisha nikashuka, nikasimama kwenye ukingo wa kijito, upande wa shamba, vidole vya miguu vimegusa maji. Nikaita. Kao-kao-kao-kao. Msitu ukanyamaza kama nyumba inaposikia hodi. Nikaita tena, na kutoka kule ndani, kwenye giza la kijani ambalo sijawahi kupandisha sauti ndani yake tangu nizaliwe, wakajibu. Shorobo haruki sana. Hukimbia juu ya matawi kama kindi. Niliwaona wakikimbia mpaka ukingoni, wakasita. Hilo nililiona. Walisita pale pale mpaka wa bibi ulipo. Nikaita mara ya tatu, laini, kama unavyomwita mtoto. Wakafungua yale mabawa mekundu wakavuka juu ya kichwa changu.

Watano walinasa. Wawili walivunjika miguu tulipowabandua. Ndege wa mguu uliovunjika hana mnunuzi, kwa hiyo Mwalimu akawanyonga, mmoja kwa mkono wa kulia na mwingine kwa mkono huo huo, upesi na vizuri, akawatia kwenye kikapu. Watatu tukashuka nao Same. Alasiri nikawaosha uani kwenye beseni, kwanza kwa mafuta ya taa kutoa ulimbo, kisha kwa sabuni, mche mpya kabisa. Nilisugua bawa la kwanza na maji yakawa mekundu. Nikapiga kelele kwamba anavuja damu. Mwalimu akaja mbio, akainama, akatia kidole kwenye beseni, na uso wake ukang'aa. “Rangi!” akasema. “Ni rangi ya manyoya! Inayeyuka kwenye sabuni. Nilisoma zamani, sikuwahi kuiona kwa macho. Tazama, tazama vizuri, hutaliona jambo hili tena.” Alikuwa na furaha ya kweli, kama mtoto. Akanifundisha, amechuchumaa pale kwenye uchafu, kuhusu rangi ile na asili yake, wakati ndege mkononi mwangu alikuwa anatetemeka na wekundu wake unashuka kati ya vidole vyangu kwenda kwenye mfereji wa maji machafu. Nami nilisikiliza. Mpaka leo nakumbuka somo zima.

Bwana Leseni alipowaona alivua miwani. “Mwalimu, umewafua? Nani alikwambia ndege anafuliwa kama shuka?” Akawachukua hivyo hivyo, akilalamika, na Mwalimu akamsindikiza mpaka kwenye pikapu akieleza juu ya sabuni. Jioni ile akanipa barua. Ilikuwa imepigwa chapa, ina sahihi, na ndani yake nilikuwa msichana mwenye kipaji cha nadra na upendo wa dhati kwa viumbe wa porini. Niliisoma mara nne. Nikaikunja nikaitia ndani ya sidiria, na kila nilipovuta pumzi ilikwaruza.

Asubuhi yake Mama Upendo alikuwa amefunga kitenge na kikapu kimejaa. Alikuwa amefungua sufuria akaona kilichomo: wale shorobo wawili walionyongwa. “Nakwenda Kileo, kwa mwanetu Upendo,” akamwambia mumewe. “Nitarudi siku nyumba hii itakaponuka watu.” Kwangu hakusema kitu, ila alinirushia ufunguo wa chumvi, ambayo siku hizo alikuwa ameihamishia sandukuni. Nikaunga mchuzi ule kwa nyanya na vitunguu vingi, kama nilivyoagizwa. Nyama ilikuwa nyeusi. Mwalimu alisema ni dhambi kutupa nyama baada ya miaka tuliyopitia.

Saa saba mchana mlango ukabishwa, na nilipofungua alikuwa bibi yangu. Alikuwa na tope hadi magotini na fimbo mkononi. Alikuwa ameshuka mlima kwa miguu na kumalizia kwa lori la ndizi. Nilimpa shikamoo nikasahau kusogea. “Marahaba,” akasema. “Utanipisha au nikusalimie kizingitini hadi jioni?” Mwalimu akasimama, akampokea kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kochi kubwa, akaniita nilete chakula kwa mgeni aliyetoka mbali. Nilikwenda jikoni. Kulikuwa na ugali, kulikuwa na mchuzi ule, na kulikuwa na maharage ya jana. Ningeweza kupakua maharage. Nilisimama na upawa mkononi na nikafikiri: nikipakua maharage, Mwalimu ataniuliza mbele ya bibi kwa nini mgeni hapewi nyama. Nikapakua nyama. Hivyo ndivyo nilivyo, au ndivyo nilivyokuwa. Sijawahi kuwa na hakika kuhusu wakati wa kitenzi hicho.

Bibi alikuwa na njaa. Alikula haraka, kwa heshima, akisifu kidogo. Mwalimu alimwuliza habari za mlimani, za mvua, za mahindi. “Mvua ipo,” akasema bibi. “Ila nimeamka mpungi umenyamaza. Nimezunguka mpaka wote. Hakuna aliyekata, hakuna aliyekanyaga. Wawili wamebaki, wamekaa juu kabisa, hawataki kushuka.” Mwalimu akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akasema siku hizi kuna watu wa kuja, vibarua wa mkonge kutoka mikoa ya mbali, watu wasiojua desturi, wanapanda milimani na mitego yao. Alilisema vizuri sana. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni, na yale macho yake yakaniomba nisaidie. “Nimesikia hivyo hata mimi, Bibi,” nikasema.

Bibi alikuwa ameshika mfupa. Ulikuwa mfupa wa kidari, mwembamba, mrefu, una ukingo kama kisu. Aliugeuza kwenye mwanga wa dirisha. “Huyu kuku,” akasema pole pole, “alikuwa anaruka?”

Aliuweka mfupa kwenye sahani, taratibu, mbali na ugali. Akachovya mkono kwenye bakuli la kunawia, akanawa kidole kimoja kimoja, akajifuta kwa kanga yake mwenyewe, sio kwa taulo niliyomletea. Hakumtazama Mwalimu tena. Alinitazama mimi, na sikuona hasira. Ningeweza kuishi na hasira. Nilikuwa nimejiandaa kukana. Tangu mlango ulipobishwa nilikuwa napanga maneno: sikuwepo, sijui, sikuona mtu. Lakini yeye hakuuliza ni nani.

“Ulisimama upande gani wa kijito?” akaniuliza.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu haraka, karibu kwa fahari, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali alilolisomea: “Upande wa nje, Bibi. Sikuingia hata unyayo.”

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. “Upande wa nje,” akasema. “Basi hujavunja mwiko.” Alisema bila kejeli, kama mlinzi anayetoa taarifa ya mpaka wake. Akachukua fimbo, akasimama kwa kusukuma kochi, na alipoyumba kidogo nikanyoosha mkono kumshika. Akausubiri urudi ulikotoka kisha akapita. Alivuka sebule, akavuka kizingiti, akatoka kwenye jua bila kuaga, yeye ambaye hata ngedere aliwaaga.

“Umemsikia mwenyewe,” Mwalimu akasema nyuma yangu, akivuta pumzi. “Hujavunja kitu. Haya, funga mlango, vumbi linaingia kwenye chakula.”

Nikaufunga.